Fundi Aliyekataa Kubadili Neno

Sikuwahi kumpenda, na yeye hakuwahi kunipenda. Nalisema mapema ili msomaji asikae akisubiri mahali ambapo tutakumbatiana.

Alikuwa fundi wa nguo kutoka Bukavu, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye cherehani mbili kwenye baraza la nyumba yake kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na mdomo mmoja uliofanya kazi kuliko cherehani zote mbili. Kwa muhula mmoja alikuwa mwanafunzi wangu. Mimi nilikuwa mdogo kwake kwa miaka sita au saba, na hilo hakunisamehe.

Nieleze kwanza nilivyoifikia nafasi ya kumfundisha mtu mkubwa kuliko mimi, kwa sababu hakuna aliyenipa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa Dzaleka kama wengine, nikisubiri. Mtu aliamka, akaenda kuangalia ubao wa matangazo kama namba yake ya kwenda ng'ambo imebandikwa, haikubandikwa, akarudi kuketi mlangoni. Nilipochoka kuketi niliondoka, kwa miguu na kwa magari ya mizigo, hadi Johannesburg. Huko nililinda magari ya watu kwenye maegesho ya duka kubwa. Nilikuwa na fulana ya rangi ya chungwa na filimbi. Mchana nilipiga filimbi, jioni nilikaa darasani na miguu inauma. Miaka minne. Nikatoka na diploma ya uandishi wa habari. Hakuna shirika lililonilipia, hakuna padri, hakuna mjomba aliye Ulaya. Wenzangu tuliosimama nao kwenye maegesho bado wamesimama pale.

Kisha nilirudi Dzaleka, kwa hiari yangu, kwa sababu mama yangu alikuwa bado anaishi huko na alikataa kuhama. Watu walidhani nimefukuzwa. Mtu wa kambini haelewi kwamba mtu anaweza kurudi. Kwake njia ni moja na inakwenda mbali. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza dagaa sokoni aliniuliza, "Ulikosa nini kule?" Nikamjibu, "Sikukosa. Nilipata." Alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati huo chuo kikuu kimoja kilikuwa na masomo kambini. Wanafunzi walisoma kwenye kompyuta katika jumba la mabati, na kwa somo la uandishi wa habari chuo kilitafuta mtu wa kuwasimamia ana kwa ana. Walioomba tulikuwa wengi. Mwenye diploma ya fani hiyo nilikuwa peke yangu. Nikapewa wanafunzi kumi na sita, nusu yao Wakongo, waliobaki Warundi na Wanyarwanda, nikaambiwa: wafundishe kubuni mradi wa habari, na wafundishe kuutetea mbele ya watu wasiowajua kwa dakika tatu.

Sasa lililokuwa mezani. Mwisho wa muhula, wanafunzi wa kambini na wanafunzi wa chuo wa mjini Lilongwe wangesimama mbele ya jopo moja. Jopo lingechagua mradi mmoja tu. Mradi huo ungepewa dakika ishirini kila Jumamosi kwenye redio ya Lilongwe kwa miezi sita, na kama mwenye mradi ni wa kambini, angepewa kibali cha kutoka kila wiki kwenda kurekodi. Kwa watu ambao hata kwenda Lilongwe kununua uzi kulihitaji karatasi na maelezo, kibali cha miezi sita kilikuwa kitu cha kuota.

Fundi alikitaka kuliko wote. Huko Bukavu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku ya kwanza nilipowauliza kila mmoja amekuja kutafuta nini, wengine walisema cheti, wengine walisema maarifa, yeye alisimama na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akasema:

"Miaka kumi na moya nashona nguo za bantu. Banavaa nguo yangu, banaenda nayo. Maneno yangu inabaki hapa kwa baraza. Nataka nayo itoke."

Darasa likampigia makofi. Mimi sikupiga. Mwanafunzi anayepigiwa makofi siku ya kwanza hafundishiki siku ya pili.

Mradi wake, lakini, ulikuwa mzuri. Hata leo sitasema uongo juu ya hilo. Wakongo huita uvumi "radio trottoir," redio ya kando ya barabara, na kituo kikuu cha redio hiyo pale Dzaleka kilikuwa baraza lake. Wateja walikuja na vitenge na uvumi pamoja. Mahindi ya mgao yatapunguzwa. Majina ya wanaokwenda Kanada yameshafika ila yamefichwa. Sehemu fulani ya kambi itavunjwa. Yeye alitaka, kila wiki, achukue uvumi mmoja, aupeleke kwenye ofisi inayohusika, arudi na jibu na jina la cheo cha aliyelitoa, kisha alisome sokoni kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili, Kirundi na Kichewa. Wengine walikuwa wameleta miradi ya "kuelimisha jamii" na "kuleta amani," maneno yasiyo na mlango wala dirisha. Yeye alileta kitu ambacho mtu angeweza kukianza Jumatatu.

Sikumwambia ni mzuri. Nilimwambia kasoro. Lugha tatu ndani ya dakika ishirini hazitoshi. Na kipaza sauti cha sokoni si redio, jopo litauliza. Nikamwambia abadilishe, alete wiki inayofuata.

Wiki iliyofuata alileta karatasi safi, kwa mwandiko wa mwalimu wa shule ya msingi, ule wa kupendeza ulioinama upande mmoja. Nikasoma. Hakuna neno hata moja lililobadilika. Kipaza sauti kipo, lugha tatu zipo, nukta na mkato vipo palepale. Nikamrudishia. Wiki ya tatu akaleta ileile.

"Papa," nikamwambia mbele ya darasa, "unanichezea?"

"Prof, mi si mtoto wa kucheza."

"Nilikuambia ubadilishe."

"Nilisikia."

"Na ukabadilisha nini?"

"Niliandika vizuri zaidi."

"Uliandika vilevile!"

"Njo vizuri, vile. Kitu ni ya kweli, inabakia vile." Akawageukia wenzake. "Petit yangu huyu alisoma mpaka akasahau. Diplome yake inamwambia kila siku abadirishe."

Wakacheka. "Petit" ni neno la Kifaransa ambalo Mkongo humwambia mdogo wake, na unaweza kulisema kwa upendo. Yeye hakulisema hivyo. Nilimwambia hapa darasani hakuna kaka wala mdogo, kuna mwalimu na mwanafunzi, na mwanafunzi asiyerekebisha kazi anapata sifuri. Akakaa, akavuta tepu yake shingoni, akaanza kupima upana wa dawati.

Kisha akaniletea mfano wa kipindi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandaa mfano mmoja wa kuonyesha jopo. Kati ya uvumi wote uliojaa kambini, fundi alichagua unaonihusu mimi: kwamba diploma yangu ni ya kununua, kwamba ilichapwa kwenye duka la fotokopi Lilongwe. Nilikuwa najua watu wanasema hivyo. Sikujua kwamba mtu angekwenda kuulizia. Alikwenda. Alilipia saa moja ya mtandao, akaandikia chuo changu cha Johannesburg, na chuo kikamjibu. Alisimama akasoma jibu lile kwa darasa zima nikiwa nimekaa mbele yake.

"Uvumi: diplome ya mwalimu ni ya uongo. Jibu: si ya uongo. Ofisi ya kumbukumbu ya chuo inasema alisoma pale miaka ine, akashinda mitihani yote. Uvumi wa pili, wenye mwalimu mwenyewe anaeneza: alikuwa wa kwanza kwa klasi. Jibu: chuo kinasema hakipangake banafunzi kwa namba."

Kelele iliyofuata ilisikika mpaka kwenye bomba la maji. Mwanafunzi mmoja alilala juu ya dawati.

Ni kweli chuo kile hakipangi namba. Lakini alama zangu nilizijua, na za wenzangu nilizijua kwa sababu tulionyeshana, na kuhesabu naweza. Nilikuwa wa kwanza. Nilimwambia afute sentensi ile ya pili. Akasema hafuti. Nikamwambia si sehemu ya uvumi wa kambi, ni chuki. Akasema, "Ulisema kwa bantu, ao hukusema?" Nikasema nilisema. "Basi njo uvumi." Nikatoka nje nikasimama juani. Nilikuwa na nguvu ya kumfukuza darasani, na nilikaribia kuitumia.

Aliyenizuia alikuwa msichana mmoja Mrundi, wa miaka ishirini na mbili, aliyekulia kambini Tanzania kabla ya kuja Malawi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote. Alinifuata nje.

"Mwalimu, naomba nikwambie kitu, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Sema."

"Unadhani ni yeye peke yake? Angalia kazi zetu sote. Nani amebadilisha?"

Nikaanza kukumbuka makaratasi. Kweli. Wengine walikuwa wameongeza sentensi moja mwishoni, kwa adabu, lakini ya mwanzo hawakuigusa. Nilikuwa nimedhani ni uvivu. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo nililiona kila wiki bila kulielewa: kila mmoja, nikimwambia asimame atetee mradi wake kwa dakika tatu, alianza na alikozaliwa. Nimezaliwa mahali fulani, tulikimbia mwezi fulani, tulivuka mahali fulani, tulipokewa Dzaleka tarehe fulani. Dakika tatu zinakwisha, mradi haujatajwa. Nilikuwa nawakatiza: "Hatutaki historia yako, tunataka mradi!" Wananyamaza, kisha wanaanza tena mwanzo, palepale.

"Hapa kambini," msichana akasema, "mara pekee ambayo mtu mgeni anakaa mbele yako na kalamu na kusema 'jieleze' ni mahojiano ya kwenda ng'ambo. Na pale ukibadilisha neno, umekufa. Baba yangu alitufundisha sisi watoto, tulikuwa tunarudia kama sala. Wanakuuliza leo, wanakuuliza baada ya mwaka kwa maneno mengine, wanalinganisha. Sasa wewe unasema, 'Badilisha.' Mtu anasikia, 'Sema uongo nikukamate.'"

Nilitaka kumjibu kwamba mimi sihitaji kufundishwa mambo ya kambi. Na kweli nilikuwa nimeyajua kabla yake. Kabla sijakwenda Johannesburg niliitwa mahojiano mara mbili. Mara ya kwanza nilisema tulitoka nyumbani asubuhi. Mara ya pili, mbele ya mtu mwingine, nikasema tulitoka saa sita hivi. Asubuhi tulifunga mizigo, saa sita tukatoka. Yote mawili ni kweli kwa mtu aliyekuwepo. Dosiye yangu, faili la maombi ya kwenda ng'ambo, ilikufa kwa masaa yale. Ndiyo iliyonipeleka kwenye maegesho na filimbi. Na mimi mwenyewe, mwenye jeraha lile, nilikuwa nimesimama mbele ya watu kumi na sita nikiwaamuru waliguse.

Lakini sikurudi ndani kuomba radhi. Sikurudi kutoka Johannesburg ili niombe radhi. Nilirudi na kazi. Nikawaambia kila mmoja aandike utetezi wake mara moja zaidi, kisha abadilishe mambo matatu, yoyote, hata kama yalikuwa mazuri. Nikaomba mbabula, jiko la mkaa, kwa mama anayepika maandazi nyuma ya jumba la mabati, nikaiweka mlangoni, ikiwa na makaa. Nikasema: nakala ya kwanza inaingia humu. Hakuna atakayelinganisha. Hata mimi sitakuwa nayo.

Mwanamke mmoja Mkongo aliuliza mara mbili kama nimeipiga picha. Msichana Mrundi alikwenda wa kwanza. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wakitazama karatasi ikijikunja. Hakuna aliyefanya mzaha. Fundi alisimama mbele ya mbabula, akanitazama, akakunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaondoka.

Nilimfuata barazani kwake kesho yake. Alikuwa akipunguza kiuno cha gauni la bibi arusi.

"Hiyo nguo," nikamwambia, "si uliishona mwenyewe? Mbona unaifumua?"

"Mwenye nguo amekonda."

"Basi na maneno ni hivyo. Anayesikiliza akibadilika, unafumua."

Hakuinua macho. "Hii ni nguo ya mutu. Ile ni maneno yangu. Usichanganye." Kisha akasema, polepole, kama mtu anayekata uzi kwa meno: "Kwa intavyu, bibi yangu, mama ya batoto, alisema tulikuwa na batoto bane. Mi nikasema batano, juu nilihesabu na ule tulizika njiani. Banasema mumoja kati yetu anadanganya. Prof, tangu siku ile mi sibadirishake."

Nilimwokotea pini iliyokuwa imeanguka. Nikaaga.

Siku ya jopo tulisafiri kwa matola, ile pikapu ya kubeba watu na mizigo, tumesimama nyuma tumeshikana. Tulifika Lilongwe na vumbi la Dowa, wilaya ya kambi yetu, kwenye nyusi. Ukumbi ulikuwa karibu na ofisi za serikali za Capital Hill, una viti vya kitambaa. Wanafunzi wa mjini walikuwa na makoti na kompyuta, na picha zao zilitokea ukutani zenyewe. Mmoja wao, kijana mwenye tai, alituangalia akamwambia mwenzake jambo kwa Kichewa, wakacheka. Nilimwambia kwa Kichewa kwamba nimesikia. Alinyoosha tai yake.

Sharti moja lilisomwa mwanzoni na mwenyekiti wa jopo, mwanamke mtangazaji wa miaka mingi, mwenye miwani na sauti ya upole isiyo na mchezo: wakati wa maswali, mwalimu hasemi. Mwalimu akisema, hatakuwa tena msimamizi wa mradi ule, hata ukishinda. Kila mwanafunzi aliruhusiwa kusema lugha yake na kuwa na mkalimani. Fundi alimchukua msichana Mrundi.

Dakika zake tatu alizisema bila kosa. Hakuanza na alikozaliwa. Hilo angalau lilikuwa limeingia. Alipofika kwenye mfano, akasoma ule wa diploma, pamoja na sentensi ya namba. Ukumbi mzima ukanigeukia. Jopo lilifurahi, niliona. Kisha maswali.

Mwenyekiti akauliza: "Sisi tunakupa redio, si soko. Sasa kipaza sauti ni cha nini?"

Fundi akajibu, "Kila Jumamosi nitasimama sokoni na haut-parleur, nitasoma kwa Kiswahili, Kirundi na Kichewa."

Mjumbe wa pili akauliza kwa njia nyingine: wasio na redio pale kambini watasikiaje kipindi? Fundi akajibu, "Kila Jumamosi nitasimama sokoni na haut-parleur, nitasoma kwa Kiswahili, Kirundi na Kichewa."

Nilimtazama. Alikuwa ameunganisha vidole juu ya magoti, mgongo umenyooka, macho kwenye kalamu ya mwenyekiti. Niliujua ule mkao. Mimi pia niliukaa. Hakuwa tena Lilongwe. Alikuwa mbele ya mtu wa dosiye, swali moja kwa vinywa viwili, wanalinganisha.

Mwenyekiti akasema kwa upole, "Mzee, tunakusaidia. Kama tukisema kipaza sauti hakipo kabisa, utafanyaje?"

"Kila Jumamosi nitasimama sokoni na haut-parleur..."

Mwenyekiti akaweka kifuniko kwenye kalamu. "Zikomo," akasema. Asante. Na kwa sauti ile, maana yake ilikuwa kwaheri.

Nikasimama. Sikupanga. Nilisikia tu sauti yangu, sauti ya maegesho.

"Papa! Hii si intavyu! Hakuna dosiye hapa! Unaulizwa swali, jibu swali!"

Akageuka kwenye kiti kama mtu aliyechomwa na sindano. "We nyamaza! Nani alikuita?"

"Utapoteza mradi kwa sababu ya kichwa kigumu!"

"Kichwa yangu? We unajua nini ya soko, we? Unapitaka pale na shati ya pasi unaogopa bantu bakukanyage!"

"Basi niambie! Kipaza sauti hakipo. Utafanyaje?"

"Haut-parleur ya nini, mupumbafu! Sokoni kuko saluni tano za kunyoa, kuko bale ba kuchaji simu, kila moya iko na redio kubwa, inalia siku muzima. Nitawaambia bafungue saa ile, bantu bakae. Bale ba saluni ni bateja yangu, nawashonea mi! Na Kirundi nitaweka wiki moya, Kichewa wiki ingine, Kiswahili kila wiki. Mutu hakose. Hii kitu mi naijua tangu mwanzo!"

"Mbona hukusema?"

"Juu hukuniulizaka! Ulisema 'Badirisha, badirisha!' Uliniamuru kama polisi! Sasa umeniuliza, nimekujibu. Kaa!"

Nyuma yake msichana Mrundi alikuwa anatafsiri. Sikuwa nimeona. Alitafsiri yote, neno kwa neno, saluni, wachaji simu, lugha kwa zamu, shati la pasi. Alikwama kwenye "mupumbafu," akatafuta, akasema kwa Kiingereza, "anamwita mwalimu jina fulani." Ukumbi uliangua kicheko. Kijana mwenye tai alicheka mpaka tai ikamwingia mdomoni.

Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa ameondoa kifuniko kwenye kalamu na alikuwa anaandika haraka. Alimuuliza fundi mambo mengine manne, na fundi, ambaye bado alikuwa anahema kwa hasira, akayajibu yote akiwa amenielekea mimi, kama vile mimi ndiye niliyeuliza, kila jibu likiwa na tusi dogo ubavuni. Sikujibu tena. Nilikuwa nimeshavunja sharti. Kulivunja mara mbili hakungeongeza kitu.

Niwe wazi hapa, kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba ilikuwa bahati. Haikuwa bahati. Yule mtu alikuwa na uwezo wa kusema jambo moja kwa namna mia, lakini si mbele ya mtu mwenye kalamu. Mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimdharau, aliweza. Na wa kumdharau kiasi kile alikuwa mmoja tu ukumbini.

Matokeo yalisomwa alasiri. Mradi uliochaguliwa ulikuwa wake. Wanafunzi wangu walipiga vigelegele vya Bukavu na vya Bujumbura kwa pamoja, walinzi wakaja kuchungulia. Mwenyekiti aliinua mkono, akasubiri kimya, akasema kwamba sharti ni sharti: mwalimu wa mradi huu alisema. Akamuuliza fundi, "Unakubali kuendelea bila yeye?"

"Ndiyo," fundi akasema. Hakufikiri hata kidogo.

Mwenyekiti, sijui kwa nini, labda kwa kutaka kuniheshimu mbele ya watu, akauliza tena: "Una hakika hutamhitaji?"

Nilimwona fundi akikaza vidole. Kisha akaviachia.

"Nitamuhitaji siku ya kugombana," akasema. "Ila siku ile nitamupata tu. Anakaaka karibu."

Nikaletewa karatasi ya kuacha usimamizi. Nikaisoma yote, nikasaini. Saini yangu ni nzuri. Niliifanyia mazoezi Johannesburg nyuma ya risiti za watu. Hakuna aliyeniambia pole na sikuhitaji pole. Mradi uliotoka darasani kwangu ulikuwa umewashinda wanafunzi wa mjini na picha zao za ukutani, na darasa lile hakulifundisha mtu mwingine.

Jioni tulisimama kando ya barabara kusubiri matola ya kurudi. Wenzake walikuwa wamemzunguka, wanampangia uvumi wa kwanza: wengine mahindi, wengine majina ya Kanada. Aliwaacha, akaja akasimama kando yangu, hatutazamani, tunatazama magari.

"Pale redio," akasema, "nikifika naanza kwa nani?"

"Si kazi yangu tena. Nimesaini."

"Njo maana nakuuliza. Sikuamuru."

Lori la mbao likapita, likatufunika vumbi. Nikamwambia asianze na mkurugenzi, mkurugenzi atamkalisha kwenye benchi mpaka saa nane. Amtafute fundi mitambo, amjue kwa jina, amletee maandazi. Afike nusu saa kabla. Asizungumze na karatasi karibu na maikrofoni, sauti ya karatasi inaharibu. Na ile sentensi ya namba, nikamwambia, kama ana heshima yoyote, aitoe.

Alikuwa ameandika yote kwenye ukurasa wa daftari lake la vipimo, chini ya viuno na mabega ya watu. Alipofika hapo kwenye namba, akafunga daftari.

"Ile inabakia," akasema, akapanda matola iliyokuwa imefika, akakaa mbele na dereva, akaniacha nipande nyuma.